Msuko Usio na Ujumbe: Nywele za Mwanamume na Maadili ya Usomaji

1.0 Utangulizi

Katika istilahi za uhakiki wa Kiswahili, neno "msuko" limezoeleka kwa maana ya mpangilio wa matukio katika kazi ya kubuni. Neno hili halikuzaliwa darasani. Limetokana na kitenzi "suka", ambacho kazi yake ya awali i mikononi: husukwa ukili wa mkeka, husukwa kamba, husukwa nywele. Hata njama nazo husukwa. Mhakiki anapozungumzia msuko wa riwaya huchukulia kwamba nyuzi kadhaa zimepishanishwa kwa kusudi, na kwamba msomaji ana haki ya kuzifuata mpaka alifikie kusudi hilo. Dhana hii haimdhuru mtu maadamu kinachosomwa ni riwaya. Matatizo huanza inapohamishiwa kichwani mwa binadamu.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali la kimaadili linalotokana na uhamisho huo. Mwanamume mwenye nywele nene za kipilipili anaposuka nywele zake ili zisikatike, jamii inayomtazama humdai maelezo: msuko huo una maana gani? Je, ni mfuasi wa dini fulani? Ni mwanamuziki? Ni mhuni? Ameasi? Swali linalopaswa kutangulia maswali hayo ni jingine. Je, mtu huyu ana wajibu wa kuwa na jibu? Na anayemtazama ana haki gani ya kumsoma? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtu anayo haki ya kutotoa ujumbe wowote kwa kichwa chake. Aidha, inadaiwa kwamba utetezi wa kawaida wa nywele za wanaume, yaani ule unaoegemea dini na mila, ijapokuwa umewaokoa wengi, umeiacha haki hiyo bila mlinzi.

2.0 Kinga, Pambo na Ilani

Kabla ya kujadili maana, ni vyema kuieleza kazi. Unywele wa singa ukikatwa na kutazamwa kwa darubini huonekana kuwa wa mviringo au karibu na mviringo. Ule wa kipilipili ni bapa, na hukua ukijipinda tangu kwenye shina lake. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteremka kwa wepesi juu ya unywele ulionyooka. Katika unywele uliojipinda hukwama karibu na shina, ncha ikabaki kavu. Isitoshe, kila pindo ni mahali dhaifu. Chanuo likipitishwa kwa nguvu katika nywele kavu, unywele hukatika penye pindo, na nywele zilizoachwa huru hushikana zikafungana mafundo. Kwa hiyo kauli inayosikika mara kwa mara kwamba nywele za Mwafrika hazikui haina ukweli. Hukua, ila hukatika upesi, hata ukuaji wake usionekane.

Msuko ni jawabu la tatizo hilo. Nywele hutiwa maji na mafuta ili zilainike, hugawanywa mafungu, kisha husukwa kwa mistari iliyolala juu ya ngozi ya kichwa au husokotwa mbilimbili. Ncha, ambazo ndizo sehemu kongwe na kavu kuliko zote, hufichwa ndani ya msuko. Kwa muda wa majuma kadhaa chanuo halipiti, upepo haukaushi, wala nguo na mto havisugui. Mwanamume ambaye nywele zake zimefikia urefu wa sentimita 5 au zaidi kidogo aweza kusukwa mistari. Zikiwa fupi kuliko hapo msusi hana pa kushika. Hata hivyo kinga hii ina kipimo chake. Msuko uliokazwa kupita kiasi huvuta mashina, hasa kando ya paji na juu ya masikio, nywele zikanyonyoka. Mvuto huo ukirudiwa kwa miaka mingi, shina hufa na upara ukawa wa kudumu. Msusi stadi anajua kwamba kichwa kinachouma baada ya kusukwa hakikusukwa vizuri, hata kama mistari imenyooka.

Kutokana na maelezo haya, yafaa kutofautisha majukumu matatu ya msuko. La kwanza ni kinga, yaani kuhifadhi nywele. La pili ni pambo, yaani kupendeza. La tatu ni ilani, yaani kutangaza jambo: imani, rika, msiba, uasi au uzalendo. Kichwa kimoja kinaweza kubeba majukumu yote matatu kwa pamoja, lakini hakuna jukumu linaloleta jingine kwa lazima. Anayeezeka nyumba yake kwa makuti anajikinga na mvua. Huenda pia ameipendezesha. Haifuati kwamba ametoa tangazo kwa wapita njia. Kosa la kimsingi katika usomaji wa nywele za mwanamume ni kuruka kinga na pambo na kutua moja kwa moja kwenye ilani.

3.0 Wembe nao Husema

Yamkini msomaji atadai kwamba tatizo hili lina suluhisho jepesi: mwanamume na anyoe. Dai hilo limejengwa juu ya imani kwamba kichwa kilichonyolewa hakisemi lolote, na kwamba kunyoa hakuna gharama. Imani zote mbili zina kasoro.

Tuanze na gharama. Unywele uliojipinda ukikatwa karibu sana na ngozi, ncha yake kali huweza kurudi na kupenya ngozi ileile ilikotoka. Hapo ndipo hutokea vipele vya kunyoa, ambavyo wanaume wengi wenye nywele za aina hii wanavijua kidevuni na shingoni. Wapo pia ambao kisogo chao hufanya uvimbe unaogeuka makovu magumu, na kunyolewa mara kwa mara huuchochea. Kwa wanaume kama hao, amri ya kunyoa ni amri ya kuumia. Lugha yenyewe inalijua hili. Anayesema "mwenzako akinyolewa, zako tia maji" anakumbuka kwamba wembe mkavu huumiza, na ndiyo sababu "kunyoa bila maji" imekuwa nahau ya adhabu isiyo huruma.

Pili, kichwa kilichonyolewa nacho ni ishara. Hunyolewa mfiwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Hunyolewa haji anapokamilisha ibada yake. Hunyolewa mfungwa aingiapo gerezani na kuruta aingiapo kambini. Kila mmoja wao amevishwa maana na wembe uleule. Basi kama kichwa kilichonyolewa na kichwa kilichosukwa vyote vina uwezo wa kusema, kwa nini ni kimoja tu kinachohojiwa? Jibu ni kwamba maana ya wembe imezoeleka, na kilichozoeleka hakionekani kuwa na maana. Mwenye kichwa kilichonyolewa hupewa bure jambo ambalo mwenye msuko analazimika kulidai, nalo ni haki ya kupita bila kuulizwa. Mjadala huu, kwa hiyo, hauhusu tofauti kati ya kichwa kinachosema na kisichosema. Unahusu nani anayetozwa kodi ya maelezo.

4.0 Kichwa cha Mwanamume katika Mapokeo

Pingamizi linalosikika zaidi nchini Kenya ni kwamba kusuka ni kazi ya wanawake, na kwamba mwanamume anayesukwa ameacha mila. Mapokeo yetu hayaafikiani kwa sauti moja kuhusu jambo hili.

Upande wa pwani, Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unagawa kazi ya nywele kwa uwazi. Binti anausiwa kuzitunza na kuzifunga nywele zake na kujipamba kwa asumini. Mume naye anyolewe na kutengenezwa ndevu na mkewe. Mgawanyo huo waweza kutumiwa kama ushahidi kwamba msuko ni wa mke na wembe ni wa mume. Hata hivyo pana jambo jingine la kuzingatia katika wasia huo. Mume anayenyolewa anainamisha kichwa mikononi mwa mwingine, tena mikononi mwa mwanamke, na hapunguzi uanaume wake kwa kufanya hivyo. Ikiwa aibu ya msuko ni kule kukaa chini na kumwachia mtu mwingine kichwa, basi aibu hiyo ingemhusu pia kila aliyewahi kunyolewa. Kinyozi hajinyoi, wala msusi hajisuki kwa urahisi. Nywele, kwa hali zote mbili, humfanya mtu amhitaji mwenzake.

Upande wa bara ushahidi ni mwingi zaidi. Miongoni mwa Wamaasai, morani hufuga nywele ndefu na kuzisokota nyembambanyembamba, zikapakwa mafuta na udongo mwekundu. Kazi hiyo hufanywa na morani wenzake, kwa saa nyingi, nayo ni sehemu ya udugu wa rika. Katika sherehe ya eunoto nywele hizo hunyolewa na mama mzazi, na kijana huanza safari ya kuelekea uzee. Waturkana na Wapokot nao walikuwa na ufundi wa kuzishika nywele za wanaume kwa udongo, zikawa kama kofia iliyochomekwa manyoya ya mbuni. Ni dhahiri kwamba katika mifano hii kinga, pambo na ilani vimeshikamana. Mafuta na udongo huhifadhi nywele; wekundu hupendeza; urefu hutangaza rika. Jambo la kuzingatia ni kwamba ilani hiyo ilikuwa na wasomaji waliofundishwa kuisoma. Morani hakuhojiwa na wenzake nywele zake zina maana gani, kwa kuwa msomaji na msomwa walikuwa wamelelewa katika sarufi moja. Msuko wa mjini leo hauna sarufi ya pamoja. Kila mpita njia huja na kamusi yake.

Mfano wa Dedan Kimathi unaonyesha jinsi kamusi hizo zinavyopingana. Wapiganaji wa msituni walikaa bila wembe, nywele zao zikajisokota. Sababu ya kwanza ilikuwa maisha ya msituni yenyewe. Kimathi alipokamatwa mwezi Oktoba 1956 na kupigwa picha, serikali ya kikoloni ilitaka nywele zile zisomwe kama ushahidi wa ushenzi. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Miaka hamsini kamili baadaye, mwaka 2007, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi, na nywele zilezile zikachongwa ili zisomwe kama taji la ukombozi. Nywele hazikubadilika. Aliyebadilika ni msomaji mwenye mamlaka. Taifa lililosimamisha sanamu hiyo barabarani ndilo linaloendelea kuwapeleka wavulana kwa kinyozi kabla ya kuwafungulia lango la shule. Huu si unafiki tu. Ni dalili kwamba tumekubali nywele za mwanamume pale tu zinapokuwa na maana kubwa ya kutosha kusamehewa.

Mfano wa mwisho umetoka katika Biblia, nao unafahamika kwa watu wengi kwa namna isiyo kamili. Hukumbukwa kwamba nguvu za Samsoni zilikuwa katika nywele na kwamba Delila alisababisha zinyolewe. Husahauliwa kwamba kabla ya kusema kweli Samsoni alimdanganya mara tatu, na mara ya tatu alimwambia avisuke vishungi saba vya kichwa chake pamoja na nyuzi za mtande wa kufumia nguo. Delila akasuka, akakaza. Samsoni akaamka, akang'oa kila kitu, nguvu zake zikiwa palepale. Kwa maneno mengine, msuko katika kisa hiki ndio usio na siri yoyote. Maana haikuwa katika kusuka bali katika nadhiri. Lakini Delila, kama wasomaji wengi wa nywele, hakuweza kuamini kwamba kichwa kinachoonekana hivyo hakina fumbo. Aliuliza mpaka akajibiwa, na jibu lilipopatikana wembe ukafuata. Mpangilio huo wa matukio, swali kwanza na wembe baadaye, ungali unatumika.

5.0 Kusuka Kisa ili Kusuka Nywele

Swali la Delila limeingia mahakamani, nako limetoa matokeo mema yenye kasoro. Mfano wa karibu ni uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kenya wa Septemba 2019. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza alikuwa amezuiwa shuleni kwa sababu ya nywele zake za msokoto. Mahakama iliamua kwamba imani ya Rastafari ni dini inayolindwa na Katiba, na kwamba shule haikuwa na haki ya kumtenga. Aliyehusika alikuwa msichana, lakini kanuni iliyowekwa inawahusu wavulana pia.

Mfano wa pili ni wa Afrika Kusini, na unawahusu wanaume moja kwa moja. Askari watano wa gereza la Pollsmoor, karibu na Cape Town, walifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa kukataa kukata nywele zao za msokoto. Baadhi yao walikuwa wafuasi wa Rastafari; wengine walieleza kwamba walikuwa wakifuata mwito wa uganga katika mila za Waxhosa. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Rufani, ambayo mwaka 2013 iliwapa ushindi. Majaji walizingatia kwamba askari wanawake waliruhusiwa nywele za namna hiyo, na kwamba mwajiri hakuthibitisha jinsi nywele za wanaume hao zilivyoharibu kazi yao.

Maamuzi haya yanastahili pongezi. Ukilinganisha na Malawi ya Kamuzu Banda, ambako sheria ya mavazi ya mwaka 1973 iliwakataza wanaume kufuga nywele ndefu, hatua iliyopigwa ni kubwa. Hata hivyo, yafaa kuuliza kuhusu mtu ambaye hayumo katika kesi hizi. Ni kijana asiye Rastafari, ambaye hajaitwa na mizimu ya mababu, wala hana nia ya kumkumbuka shujaa yeyote. Anasuka kwa sababu nywele zake ni nene, hukatika akizichana, na shingo yake huota vipele akinyolewa. Kijana huyu anaposimama mbele ya mwalimu au mwajiri hana hoja inayotambulika. Dini hana ya kutaja. Mila ya kabila lake huenda ilikuwa ni kunyoa. Ukweli wake ni mdogo mno kwa mahakama: ndivyo nywele zake zilivyo.

Matokeo yake ni ya kusikitisha kimaadili. Kijana analazimika kusuka kisa ili aruhusiwe kusuka nywele. Atajifunza kutamka imani asiyo nayo, au atageuka mtetezi wa utamaduni kwa muda wa mahojiano. Jamii inayotoza maana kama ada ya kuachwa huru huwafundisha vijana wake uongo, na pia huwaumiza waumini wa kweli, kwani kila nadhiri huanza kutiliwa shaka. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni mbaya zaidi. Baada ya kundi la Mungiki kuhusishwa na nywele za msokoto, na hasa baada ya kupigwa marufuku mwaka 2002, kijana wa Nairobi aliyekuwa na nywele hizo aliweza kutuhumiwa kwa kichwa chake pekee. Yule asiye na maana ya kujitetea hupachikwa maana ya kumshtaki.

6.0 Kifo cha Mwandishi na Uhai wa Mwenye Kichwa

Hapa wahakiki wanapaswa kujichunguza, kwa kuwa mazoea yao yanafanana na ya mlinzi wa lango. Kwa miongo kadhaa wamefundisha kwamba nia ya mwandishi si kipimo cha maana ya kazi. Wimsatt na Beardsley walilitolea hoja jambo hili mwaka 1946, na Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1967, akatangaza kifo cha mwandishi ili msomaji apate kuzaliwa. Mafundisho hayo yameleta faida katika usomaji wa riwaya na tamthilia. Yamemwachia msomaji nafasi ya kuona yale ambayo mwandishi mwenyewe hakuyaona.

Je, yaweza kuhamishiwa kwenye nywele? Makala haya yanakana, kwa sababu mbili. Kwanza, kitabu kimetolewa. Mwandishi amekikabidhi kwa umma akijua kwamba kitasomwa, na kwa kitendo hicho ameridhia hatari ya kusomwa vibaya. Mwenye kichwa hakukichapisha. Anakibeba hadharani kwa kuwa hana pengine pa kukiweka. Kuonekana si sawa na kutolewa. Pili, riwaya ikifasiriwa vibaya haifukuzwi shule, haikosi ajira, wala haisimamishwi na polisi njiani. Usomaji wa kichwa huangukia juu ya mwili wa mtu aliye hai. Pale ambapo usomaji mbaya humgharimu msomwa na si msomaji, msomaji hana ruhusa ya kutumia uhuru uleule alioupata maktabani.

Wahenga wamesema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii hutumiwa kumkejeli aliyekosa ujuzi. Katika suala la nywele inaweza kupewa uzito wa kimaadili: zipo maana ambazo msomaji hapaswi kuambiwa, kwa kuwa hazimhusu, na pana nyakati ambapo hakuna maana ya kuambiwa, na kuendelea kuidai ni kukosa adabu.

7.0 Pingamizi

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba hakuna msuko usio na ujumbe, kwa kuwa hata kuchagua mistari iliyonyooka badala ya iliyopindapinda ni kuchagua ishara. Mtindo mwepesi wa mistari unaojulikana kama "twende kilioni" umebeba msiba ndani ya jina lake. Pingamizi hili lina ukweli. Lakini kinachodaiwa hapa si kwamba msuko hauwezi kusomwa. Kinachodaiwa ni kwamba kuweza kusomwa hakumpi msomaji haki ya kuadhibu kwa mujibu wa usomaji wake. Aidha, jina "twende kilioni" lenyewe hutumika kwa wanaokwenda sokoni na shuleni bila ya yeyote kuuliza nani amefariki. Jamii inajua kuacha maana ilale inapotaka.

La pili ni la usawa. Walimu husema kwamba nywele fupi huwafanya wanafunzi wote walingane, kwani ususi huhitaji fedha na muda ambavyo mtoto wa maskini hana. Hii ni hoja nzito, na wanaoipuuza hawajawahi kuhesabu gharama za msusi wa mjini. Hata hivyo, hoja hiyo huhalalisha kudhibiti gharama na muda, haihalalishi kuudhibiti msuko. Mistari iliyosukwa na mama au dada nyumbani jioni ya Jumapili haigharimu zaidi ya mafuta kidogo, nayo hukaa juma zima na zaidi bila kinyozi. Shule inaweza kudai usafi, inaweza kukataza nywele za bandia na mapambo ya thamani, inaweza kudai nywele zifungwe katika karakana penye mashine. Masharti hayo yana sababu zinazoonekana, na yanaweza kutumika kwa wavulana na wasichana sawasawa. Sharti la kunyoa kwa wavulana pekee halina sababu ya namna hiyo. Lina mazoea.

La tatu linawahusu wenye misuko wenyewe. Wapo wanaume wanaosuka ili watishe, au ili wajihusishe na kundi fulani, kisha wakiulizwa hukimbilia kwenye hoja ya afya ya nywele. Haki ya kutotoa ujumbe haimfunikii mtu aliyeutoa. Anayetaka heshima ya ilani yake hana budi kubeba pia dhima yake. Uaminifu unadaiwa pande zote mbili: msomaji asizue, na msomwa asikane alichokitangaza. Lakini mizani ya dhima hiyo haiko sawa. Kwa kuwa mamlaka yako mikononi mwa anayesoma, ndiye anayepaswa kuanza kujizuia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba suala la nywele zilizosukwa za mwanamume limejadiliwa kwa kuanzia mwisho. Huulizwa kwanza zina maana gani, na maana hiyo ikikosekana au isipopendeza, wembe huletwa. Utaratibu wa haki ungeanza kwingine. Swali la kwanza lingekuwa: nywele hizi zinamdhuru nani? La pili: zinazuia kazi ipi? Anayetaka zikatwe ndiye angebeba mzigo wa kujibu, kama mahakama ya Afrika Kusini ilivyomtwika mwajiri mwaka 2013. Swali la maana, ikiwa lina nafasi, lingekuja baada ya hayo, tena kwa hiari ya mwenye kichwa.

Kwa taaluma ya uhakiki funzo lililopo ni kuhusu mipaka yake. Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kuona ishara kila mahali, na ustadi wao hupimwa kwa wingi wa wanayoyafumbua. Ni mara chache wanapofundishwa kwamba kuna mambo yanayowapita machoni bila ya kuwaambia neno, na kwamba kuyaacha yapite ni sehemu ya ustadi huo. Wengi wao watakuwa walimu. Watasimama langoni Jumatatu asubuhi, na mbele yao atatokea mvulana mwenye mistari minane iliyosukwa vizuri, kichwa kimepakwa mafuta, ngozi haina kipele. Watakachokiona hapo kitategemea kwa kiasi fulani walichofundishwa kukitafuta.